Mzigo na Mbeleko

Katika mambo yanayowasumbua wazazi wa siku hizi, hakuna lililo la kawaida kuliko kutafuta kazi isiyomtaka mtu asahau kwamba ana mtoto mchanga. Watu huuliza habari za mshahara, huuliza habari za cheo, huuliza umbali wa njia. Lakini mama mwenye mtoto wa miezi minne, au baba aliyefiwa na mkewe, huuliza kwanza kama bwana wa kazi atamsikiliza siku mtoto atakapopatwa na homa. Swali hilo aghalabu huhesabiwa kuwa dogo, la jikoni, lisilostahili kushughulisha fikira za wenye hekima. Walakini ndani yake mna swali kubwa la adili: vitu viwili vinapogombea mwili mmoja, mzigo na mtoto, ni nani mwenye haki ya kuamua kipi kitakachotuliwa chini?

Ng'ambo ni kata mojawapo ya mji wa Tabora, na jina lake, kama lilivyo jina la Ng'ambo nyingine zote, maana yake ni upande wa pili. Mahali hapo panalifaa swali hili, kwa sababu katika nchi ile mzigo si mfano wa maneno tu. Mji wenyewe umesimama juu ya mabega ya watu. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, karibu kila jora la nguo, kila kete ya ushanga na kila pipa la baruti lililofika Unyanyembe kutoka pwani lilichukuliwa na binadamu, na pembe za ndovu zilishuka Bagamoyo kwa njia hiyo hiyo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani ratili 70. Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857, wakafika Tabora, ambayo wao waliiita Kaze, mwezi wa Novemba. Njia ya urefu huo haikuwa safari ya siku moja ambayo mtu huiacha nyumba asubuhi akairudia jioni. Ilikuwa kazi iliyomeza sehemu kubwa ya mwaka, na mtu aliyeifanya alikuwa na jamaa kama watu wengine.

Basi jamaa hao walikuwa wapi? Wengi walibaki nyumbani, wakalima na kulea. Lakini si wote. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake juu ya wapagazi kilichotolewa mwaka 2006, ameonyesha kwamba Wanyamwezi wa misafara walikuwa kwa sehemu kubwa watu huru waliopatana ujira, wenye desturi zao za kazi, na kwamba wanawake walikuwamo katika misafara hiyo. Walichukua vyungu, mikeka na chakula. Wengine walichukua mzigo wao wenyewe kwa ujira. Watoto walibebwa kwa mbeleko, na waliokuwa na miguu ya kutosha walifuata kwa miguu. Safari ilianza alfajiri, na aghalabu kambi ilipigwa kabla jua halijawa kali. Saa zilizobaki zilikuwa za kupika, za kujenga vibanda na za kupumzika. Tena msimu wenyewe ulichaguliwa. Wengi waliondoka wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakikusudia kurudi mvua za kulimia zitakapokaribia.

Msomaji asidhani kwamba hizo zilikuwa siku za raha. Ndui, njaa na kiu ziliua watu wengi katika njia ile, na watoto hawakusazwa. Anayesifu mambo ya kale kwa sababu ni ya kale tu, huwa hajayachunguza. Linalotakiwa kuonekana hapa ni jambo moja: ilikuwako kazi nzito, ya mbali na yenye faida kubwa, iliyolisha biashara ya Zanzibar na kujaza maghala ya mataifa ya ng'ambo ya bahari kwa pembe, na watoto walikuwamo ndani yake wala haikusimama. Mabwana wa leo wasemao kwamba mtoto na kazi havikai pamoja tangu asili, wana historia fupi.

Lakini katika njia hiyo hiyo ulipita msafara wa namna ya pili. Alfred Swann, baharia Mwingereza aliyekuja mwaka 1882 kuitumikia misheni katika ziwa la Tanganyika, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1910 habari za msafara wa watumwa na pembe aliokutana nao. Aliona wanawake waliochukua pembe huku wana watoto mgongoni. Akamwuliza msimamizi mmoja itakuwaje mwanamke akishindwa kuchukua vyote viwili. Akajibiwa kwamba pembe haiwezi kuachwa njiani, kwa kuwa ni mali ya thamani. Mtoto huuawa kwa mkuki ili mzigo wa mama upungue. Kwa jinsi lilivyoandikwa, jibu hilo halina hasira wala ukali wa sauti. Ni hesabu. Msimamizi alikuwa na vitu viwili na mchukuzi mmoja, akatoa kimoja.

Ni vizuri kukaa kidogo na misafara hiyo miwili, maana kosa la kawaida ni kuitofautisha kwa wema wa mioyo: kwamba mwenye msafara wa kwanza alikuwa mpole na wa pili alikuwa katili. Yamkini alikuwa katili. Lakini ukatili hauelezi kila kitu. Mfanyabiashara aliyeajiri Wanyamwezi huru alipenda pembe zake kama mwenzake alivyozipenda. Tofauti ilikuwa katika uwezo wa mchukuzi. Mpagazi huru alipoonewa aliweza kuutua mzigo porini akatoroka usiku na wenzake, na vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa manung'uniko juu ya jambo hilo. Mwenye mali aliyataka mabega yale, na mabega yale yalikuja pamoja na mke, chungu na mtoto; akayapokea yote. Mtumwa hakuwa na mlango wa kutokea. Kwa hiyo nafasi ya mtoto katika msafara wa kwanza haikuwa zawadi. Ilitokana na watu walioweza kukataa.

Kutoka hapo linatokea jambo ambalo wazungumzaji wengi wa habari hii hulipita upesi. Mzazi anapotafuta kazi yenye nafasi, hutafuta bwana mwenye huruma, na akimpata humshukuru Mungu. Huruma ni jambo jema, wala asiwepo mtu wa kuidharau. Lakini nafasi iliyotolewa kwa hisani huondoka na mtoaji. Msimamizi mpole akihamishwa, mama hurudi mwanzo. Tena kwa muda wote aliokuwapo, mama alikuwa mdeni wake, akichelea kuomba mara ya pili kwa kuwa aliomba mara ya kwanza. Haki haimwachi mtu na deni la namna hiyo. Mtu aliyepewa haki yake huweza kumtazama bwana wake machoni.

Reli iligeuza mambo. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na njia ya Mwanza ikakamilika mwaka 1928. Mabega yalipumzika, na saa ya ukutani ikashika mahali pa jua. Kazi ikawa mahali penye mlango, na mtoto akabaki nje ya mlango huo. Wanyamwezi wengi waliingia katika mikataba ya mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba, na wengi wao waliwaacha wake zao nyuma. Mshahara wenyewe ulipimwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Katika Kenya, kamati iliyoongozwa na Carpenter ilikiri mwaka 1954 kwamba ujira wa Mwafrika ulikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na jamaa, kana kwamba mke na watoto walikula upepo. Kwa hakika hawakula upepo. Walikula mazao ya jembe la mama, na jembe hilo ndilo lililolipa sehemu ya mshahara ambayo bwana wa kazi hakuitoa.

Hivyo kazi ya mshahara ilizaliwa katika nchi hizi ikidhani kwamba nyuma ya kila mfanyakazi yuko mwanamke nyumbani, asiyelipwa, ambaye atashika mtoto. Saa zake, likizo zake, mikutano yake ya jioni na uhamisho wake wa ghafula vilipangwa juu ya dhana hiyo. Baadaye mwanamke mwenyewe akaajiriwa, akawa mwalimu, mwuguzi na karani. Akaukuta mlango ule ule na saa ile ile, na nyuma yake hapakuwa na mke. Jambo la kustaajabisha si kwamba wazazi wanaona taabu. Ni kwamba watu hushangaa wakiwaona wanaona taabu.

Sheria imejaribu kuziba pengo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Na baada ya kurudi, humpa nafasi ya kunyonyesha isiyozidi saa 2 kwa siku katika muda wa kazi. Mwaka 2025 marekebisho yaliongeza muda kwa mama aliyejifungua mtoto njiti. Hayo si haba, na kwa habari ya kunyonyesha sheria hiyo ni karimu kuliko mkataba wa kwanza wa kimataifa juu ya uzazi, uliopitishwa Washington mwaka 1919, ambao ulitoa nusu saa mara mbili tu. Lakini mkataba huo wa 1919 ulitaja wiki 6 kabla ya kuzaa na wiki 6 baada yake. Wiki 12 ni siku 84. Kipimo cha likizo kilichowekwa miaka zaidi ya 100 iliyopita ndicho kipimo kilichobaki, ijapokuwa mkataba wa mwaka 2000 umekwisha kutaja wiki 14, na ijapokuwa Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Mama hurudi kazini wakati mtoto yuko katikati ya muda huo.

Katika Tabora saa mbili za kunyonyesha zina faida ambayo mama wa Dar es Salaam hawezi kuiota. Mji si mkubwa sana. Mwenye nyumba Ng'ambo huweza kutoka ofisini mjini, akafika kwake, akanyonyesha na kurudi. Katika Dar es Salaam saa hizo humezwa na foleni ya magari kabla mama hajaiona nyumba yake. Sheria ni moja, lakini barabara huifasiri.

Tazama tena habari ya usiku. Sheria hiyo hiyo humkinga mama na kazi za usiku, yaani tangu saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, kwa miezi 2 baada ya kujifungua. Lakini likizo yake huweza kuanza wiki 4 kabla ya kuzaa. Basi akiianza hivyo, siku zitakazobaki baada ya kuzaa ni 56, ambazo ni miezi 2 kasoro siku chache. Kinga na likizo hufikia mwisho karibu siku moja. Mwuguzi wa hospitali ya mkoa ya Kitete, au wa hospitali nyingine yo yote nchini, aweza kurudi na kukuta jina lake katika zamu ya usiku wiki ile ile, na mtoto wa miezi miwili hajui maana ya zamu.

Na baba? Sheria humpa siku 3, ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Siku tatu hutosha kutafuta gari la kumtoa mama hospitali, kupokea wageni na kuwasindikiza. Hazitoshi kujifunza mtoto analia kwa nini. Na hasara haiishii nyumbani. Pale sheria inaposema siku 84 kwa mmoja na siku 3 kwa mwingine, bwana wa kazi anayepokea maombi ya msichana na mvulana wenye cheti sawa hupiga hesabu kimya kimya, akamwona msichana kuwa ghali. Hakuna atakayeliandika neno hilo katika barua ya kumkataa. Nafasi ya baba kumlea mwanawe si fadhili kwa baba. Ni kinga ya mwanamke ambaye hata hajaolewa.

Wako watakaosema kwamba maneno haya yote ni ya watu wachache wenye ofisi. Wana haki ya kusema. Wanawake wengi wa Tanzania hawana mwajiri wa kumwomba siku 84. Mama anayekaanga mihogo kando ya barabara, au anayeuza maembe katika msimu wa maembe, ambao Tabora husifika kwao, amemlaza mtoto wake juu ya kanga pembeni ya ungo, humnyonyesha apendapo na kufunga biashara apendapo. Kwa sura ya nje yeye ndiye aliyeipata ile kazi yenye nafasi ambayo mwenzake mwenye elimu anaitafuta. Lakini unyasi nao hupinda kwa kila upepo, na ng'ombe huukanyaga. Siku mtoto wake akiugua hakuna anayemkataza kubaki nyumbani, wala hakuna anayemlipa. Uhuru wake ni wa kulala njaa akipenda. Nafasi bila ya amana ni nusu ya kitu kinachotafutwa, kama vile amana bila ya nafasi ilivyo nusu ya pili. Na watu hawa wawili, karani na muuza maembe, wameshika kila mmoja nusu yake bila kujua kwamba vipande hivyo ni vya chungu kimoja.

Liko pingamizi jingine, zito zaidi, nalo hutoka kwa wafanyakazi wenzake. Mama akiondoka saa nane mchana, kazi yake hufanywa na nani? Pengine na mwenzake asiye na mtoto, ambaye huombwa zamu ya sikukuu kwa kuwa yeye hana wa kumngoja. Pengine mwenzake huyo anatamani mtoto na hajampata, na kila ombi la namna hiyo humchoma mahali ambapo haonyeshi mtu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na methali hiyo hunena juu ya pande zote mbili: asiyezaa huona ulezi kuwa jambo jepesi, na mzazi huona zamu ya ziada ya mwenzake kuwa jambo jepesi. Lawama ya mwenzake ni ya haki. Ila imeelekezwa kwa mtu asiyehusika. Mahali pa kazi palipopangwa kwa watu kumi, kisha pakawekwa wanane, hapana nafasi ya mtoto, wala ya ugonjwa, wala ya msiba. Na aliyeokoa ujira wa wawili hukaa pembeni akiwatazama wanane wakigombana. Tena uzazi si sababu pekee ya mtu kuhitaji nafasi. Aliye na mama mzee aliyepofuka ana mtoto wa namna nyingine, na insafu yataka asikiwe.

Mwaka 2019, mwezi wa Agosti, Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa kaunti ya Kwale, aliingia katika Bunge la Kenya na mtoto wake wa miezi mitano, kwa sababu siku hiyo alipatwa na dharura. Akaamriwa atoke na arudi bila ya mtoto. Nchi hiyo hiyo, kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017, ilikuwa imewaamuru waajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea. Mwaka mmoja kabla ya tukio hilo, waziri mkuu wa New Zealand, Jacinda Ardern, aliingia na mtoto wake mchanga katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na dunia ikatabasamu. Wengi walizichukua habari hizo mbili kuwa jambo la desturi na heshima ya nyumba. Lakini aliyetolewa nje alikuwa mtunga sheria. Ikiwa yeye aliyechaguliwa na maelfu hakuwa na mahali pa kumweka mtoto kwa saa moja, si vigumu kukisia hali ya mwanamke anayefagia jengo hilo.

Limebaki jambo ambalo wazazi wenye kazi hawapendi kulizungumza. Katika nyumba nyingi za wafanyakazi, mtoto wa miezi mitatu hushikwa na msichana aliyetoka kijijini, kutoka Sikonge, au Urambo, au Uyui. Huitwa dada, ili isionekane kwamba ameajiriwa. Huamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na katika amri za serikali za kima cha chini cha mshahara, kiwango cha watumishi wa nyumbani ni miongoni mwa vilivyo vya chini kabisa. Baadhi yao ni mama. Watoto wao wamebaki kwa bibi, wakilishwa uji. Nafasi ambayo mama wa ofisini hakupewa na mwajiri wake, ameinunua kwa binti huyu, kwa bei ambayo yeye mwenyewe asingeikubali. Hakutenda hivyo kwa uovu. Ametenda kama mtu aliyebanwa, na aliyebanwa hubana.

Na jioni anaporudi, mama yule aliyekuwa mwombaji mchana mzima huwa yeye ndiye bwana wa kazi. Yote aliyoyadai kwa mkubwa wake, kwamba asikilizwe, kwamba asikatwe mshahara, kwamba asihesabiwe kuwa mzembe kwa sababu ana mtoto, sasa yaweza kudaiwa kwake. Dada akimwambia, huku akiosha vyombo, kwamba zimekuja habari mtoto wake ana homa kijijini na anaomba siku tatu, hakuna afisa kazi atakayekuja kuamua. Iko nauli ya kwenda na kurudi, uko ujira wa siku hizo, na yuko mtoto wa nyumba ambaye kesho asubuhi atahitaji mtu wa kumshika. Hesabu hiyo hupigwa usiku ule ule, pale jikoni, na watu wawili tu, wote wawili mama.